Maji ya feruzi kwa macho, ya kijivu kwenye picha: kupiga picha Balos, Krete

Swali: Katikati ya Septemba nitakuwa Krete kwa siku tano, na nataka nirudi na picha nzuri za Balos. Nina kamera ya Canon yenye lenzi ya milimita 18-55, pamoja na simu. Mwaka jana nilikwenda ufuo mwingine wa Ugiriki. Kwa macho maji yalikuwa ya feruzi, lakini nyumbani nikakuta picha zote zina maji ya kijivu, anga jeupe na watu kila kona. Ninunue lenzi gani?

Jibu: Usinunue lenzi. Hiyo 18-55 inatosha Balos, na hata lenzi ya bei mara kumi ingekupa maji yale yale ya kijivu kama utasimama mahali pale pale saa ile ile. Fedha uliyotenga igawe vipande viwili: filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, na usiku mmoja au miwili ya kulala Kissamos, mji ulio karibu na Balos, badala ya Chania. Kutoka Chania mjini hadi Kissamos ni kama kilomita 40, na mbele yake bado kuna barabara ya vumbi. Anayelala Kissamos hufika kabla ya watu.

Tuanze na hayo maji ya kijivu, maana mengine yote yanatokea hapo. Rangi ya feruzi haiko juu ya maji, iko chini. Mwanga wa jua unapenya, maji yananyonya sehemu nyekundu ya mwanga, uliobaki unagonga mchanga mweupe na kurudi juu ukiwa na rangi ya bluu na kijani. Mediterania ya mashariki ina virutubisho vichache sana, kwa hiyo viumbe vidogo vinavyoelea ni vichache na maji ni maangavu kuliko bahari nyingi. Lakini juu ya maji hayo kuna kioo. Uso wa maji unaakisi anga, na kadiri unavyoutazama kwa ulalo ndivyo unavyoakisi zaidi. Ukiyatazama maji moja kwa moja kutoka juu, yanaakisi kama asilimia 2 tu ya mwanga. Ukiyatazama kwa kuinamisha macho nyuzi 30 chini ya upeo, ni kama asilimia 6. Sasa simama ufuoni, macho yako yakiwa mita 1.6 juu ya ardhi, utazame maji yaliyotulia yaliyo mita 20 mbele yako: unayatazama kwa nyuzi 5 hivi, na zaidi ya nusu ya kinachokufikia ni anga. Kama anga lilikuwa jeupe kwa ukungu wa joto, maji yako yatakuwa meupe-kijivu. Kamera haikukosea, ilipiga picha ya kioo.

Basi kwa nini macho yako yaliona feruzi? Mara nyingi jibu liko puani: miwani. Miwani mingi ya jua ya ufukweni ina polaraiza ndani yake, na hiyo inakata mng'ao ambao lenzi tupu inaupokea wote. Ukiwa Balos vua miwani kila unapopima mandhari, usije ukaichagua picha kwa jicho ambalo kamera haina. Zaidi ya hapo, kioo cha nyuma cha kamera au cha simu kikitazamwa kupitia miwani hiyo huweza kuwa cheusi kabisa ukikigeuza upande mmoja, na watu hudhani kifaa kimeharibika.

Kwa hiyo mambo yanayotengeneza rangi ni mawili: urefu wa mahali unaposimama, na upande lilipo jua. Balos inakupa la kwanza bure.

Mahali penyewe pamekaa hivi. Rasi ya Gramvousa inachomoza kaskazini-magharibi mwa Krete kama kidole. Upande wake wa magharibi ndipo ulipo wangwa wa Balos, maji ya kina kifupi yaliyozingirwa na mchanga, na ng'ambo ya maji kuna kilima cha mawe kiitwacho Tigani. Mbali zaidi, kuelekea kaskazini, kinaonekana kisiwa cha Imeri Gramvousa chenye ngome ambayo Waveneti waliijenga kati ya 1579 na 1584. Kutoka kijiji cha Kaliviani unaendesha kama kilomita 8 za barabara isiyo na lami, mawe na mashimo, mwendo wa ng'ombe. Soma mkataba wa gari la kukodi kabla ya kuingia huko: mingi haifidii tairi wala uvungu wa gari kwenye barabara za vumbi. Mwisho wa barabara ni eneo la kuegesha lenye mbuzi ambao hawamwogopi mtu wala mkate wake. Kutoka hapo ni miguu, dakika 20 hadi 30 kuteremka, na kupanda kunakula muda zaidi. Kabla ngazi za kuteremkia ufuoni hazijaanza, njia inafunguka na wangwa wote unakuwa chini yako. Hapo ndipo picha ile inayojulikana dunia nzima inapopigiwa, na inapigiwa hapo kwa sababu: unatazama chini kwa pembe nzuri, si kwa ulalo.

Ukisimama hapo uso wako unaelekea takribani kaskazini-magharibi. Weka hilo akilini, kisha tupange saa.

Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawasawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, lakini jua la huko haliifuati saa yetu. Krete iko mbali magharibi, kwa hiyo katikati ya Septemba jua linachomoza kama saa moja na dakika kumi asubuhi, linafika juu kabisa kama saa saba na dakika ishirini mchana, na linazama kama saa moja na nusu jioni. Tena halifiki utosini. Kilele chake mwezi huo ni nyuzi 57 hivi juu ya upeo, likiwa kusini. Yaani adhuhuri ya huko jua liko mgongoni kwako unapotazama wangwa. Kwetu pwani tumezoea kukimbia mwanga wa mchana kwa sababu jua linapiga utosini na kila uso unakuwa na vivuli vya macho. Balos ni kinyume: mchana ndio wakati wa rangi, kwa sababu jua la juu linapenya hadi chini kwenye mchanga na mng'ao wake unarudi upande ambao wewe hupo.

Alfajiri usitegemee makubwa. Mashariki mwa wangwa kuna mgongo wa milima unaofika mita 762, na mwanga unachelewa kuuruka. Saa nzima na zaidi baada ya jua kuchomoza, utaona bahari ya mbali imeshawaka na mchanga wa karibu bado umelala kivulini. Tofauti hiyo ya mwanga ni kubwa kuliko kamera yako inavyoweza kubeba, na picha inatoka nusu nyeusi.

Saa nne asubuhi jua liko nyuzi 33 hivi, nyuma ya bega lako la kulia. Kuanzia hapo hadi saa tano na nusu ndio muda ambao ningekuambia uuwekee akiba ya nguvu zako: mwanga umeshashuka chini, upepo kwa kawaida bado haujashika kasi, na boti za watalii zinazotoka bandari ya Kissamos hazijamwaga watu wote. Kutoka adhuhuri hadi saa tisa rangi inazidi kuwa kali, ila ufuo umejaa. Kuanzia saa kumi na moja jioni upande wa kushoto wa fremu unaanza kumeremeta, jua limeshaingia mbele yako, na feruzi inaondoka kidogo kidogo mpaka maji yanakuwa bati. Ukiona picha ya mtu ya Balos yenye machweo na maji ya feruzi pamoja, fahamu kwamba imepikwa kwenye kompyuta.

Jambo moja ambalo mtu wa pwani yetu atalishangaa: hakuna kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua. Paje au Watamu unapanga safari kwa bamvua na maji mafu, maana bahari inaweza kwenda na kurudi mita kadhaa. Mediterania ya mashariki inapanda na kushuka kwa sentimita chache tu, na wangwa wa Balos una sura ile ile asubuhi na jioni. Kinachoubadilisha ni upepo. Julai na Agosti unavuma meltemi, upepo wa kaskazi wa kiangazi, mkavu na mkali, unaweza kushika siku kadhaa bila kupumzika. Septemba hupungua lakini haukomi. Upepo ukipiga, uso wa maji unavunjika kuwa vioo vidogo elfu, kila kimoja kinaakisi kipande chake cha anga, na hata ukiwa juu kabisa rangi inapungua. Kwa hiyo katika siku zako tano usiitie Balos siku ya kwanza kwa lazima. Tazama utabiri wa upepo, uchague asubuhi iliyotulia, na iliyotanguliwa na mvua ikiwezekana, kwa kuwa mvua inaosha hewa. Vumbi la Sahara hupita zaidi majira ya kuchipua, ila likikukuta anga linakuwa la manjano chafu. Siku hiyo nenda ukale samaki.

Sasa filta. Nunua polaraiza ya duara, ile inayozunguka kwenye fremu yake, ya kipenyo cha lenzi yako. Usikisie kipenyo. Tazama mbele ya lenzi penye alama ya Ø na namba. 18-55 nyingi za Canon ni 58, lakini nyingine si hivyo. Kazi yake ni kukata mwanga ulioakisiwa, ila haikati sawa kila mahali. Inakata karibu wote pale unapotazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 kutoka kwenye uso wake. Chini ya hapo, kadiri ulalo unavyoongezeka, nguvu inapungua. Ndiyo maana kwenye picha zilizopigwa njiani pale juu maji ya karibu na mguu wa kilima yanatoka kama yamepakwa rangi, na bahari ya nyuma ya Tigani inabaki bluu ya kawaida yenye mng'ao. Huo si ubovu wa filta.

Tumia hivi: panga fremu yako kwanza, ndipo uizungushe filta taratibu huku unatazama sehemu moja tu ya maji, ya karibu. Itafifia, itang'aa, itafifia. Simama inapofifia mng'ao, kisha rudisha nyuma kidogo. Ukiacha penye nguvu yote, maji mara nyingine yanaonekana kama hayapo, watu wanaelea hewani na mawimbi yamekufa. Ukigeuza kamera kutoka ulalo kwenda wima, zungusha upya. Wengi wanasahau hapa na nusu ya picha zao hazina filta. Anga nalo lina tabia yake: linakolea zaidi upande ulio nyuzi 90 kutoka jua. Kwa fremu ya Balos hiyo hutokea mchana wa saa tisa hivi, na kwenye 18 unaweza kuona bluu nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine. Sogea hadi 24 au legeza filta. Panorama ya picha nyingi za kuunganisha ipige bila filta kabisa, la sivyo anga litakuwa na mistari.

Filta inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), yaani inabaki kama theluthi au robo. Siku ya jua wazi, bila filta, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga) na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) vinakupa kama 1/400 ya sekunde. Ukiifunga, tarajia 1/100 au 1/125, ambayo mkono bado unaimudu. Weka kamera kwenye Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, f/8, ISO 100, faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazipika. Usipeleke f/16 ukidhani kila kitu kitakuwa kikali zaidi. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) tundu dogo namna hiyo linalainisha picha, na kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa inatokea kama doa kwenye anga. Tena huhitaji. Kwa 18 na f/8, fokasi ikiwa mita 2 au 3, kila kitu kuanzia mita moja hivi hadi upeo wa bahari kinakuwa sawa.

Mchanga mweupe unaidanganya mita ya kamera. Mita inajaribu kuifanya kila fremu iwe ya kijivu cha kati, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga na mchanga unatoka mchafu. Ongeza +1/3 hadi +2/3, kisha washa kwenye menyu ile tahadhari inayowaka-waka penye sehemu zilizoungua, yaani zilizozidi mwanga hadi kuwa nyeupe tupu. Ikiwaka kwenye povu la mawimbi tu, sawa. Ikiwaka juu ya mchanga wenyewe, shusha. Mchanga ulioungua haurudi, na pale Balos ungepoteza kitu: sehemu kadhaa za mchanga zina wekundu mwepesi wa makombe yaliyosagika, na huo ndio wa kwanza kufa. Mizani ya weupe, mpangilio unaosawazisha rangi kulingana na mwanga, iweke kwenye alama ya jua, usiiachie kamera. Ikiona fremu imejaa feruzi, kamera hudhani ni kosa la mwanga na kuisukuma kwenye ukijivu. RAW inakuruhusu kurekebisha baadaye, lakini hutajua urekebishe nini kama kioo kimekuonyesha uongo tangu mwanzo.

Kuhusu fremu. Kosa la kawaida pale juu ni kuipa anga nusu ya picha. Anga la Krete la Septemba mara nyingi ni tupu, halina wingu, halina kazi. Lipe sehemu moja ya tano au chini ya hapo, na kama ni jeupe likate kabisa, wangwa unajitosheleza. Unyooshe upeo wa bahari. Mteremko wa kilima unadanganya jicho, washa ule mstari wa kupimia usawa kama kamera yako inao. Tigani iweke kushoto, na ulimi wa mchanga uingie kutoka pembe ya chini ili jicho lipate njia ya kupita. Piga kwanza ile picha ya kila mtu, uitoe moyoni, halafu vuta hadi 55 utafute vipande: mahali feruzi inapokutana na bluu nzito kwa mstari mmoja mkali, mabaka meusi ya nyasi za baharini, mtu mmoja anayevuka maji akiwa mdogo kama mchwa. Kwa maoni yangu hizi ndizo picha utakazozitazama tena baada ya mwaka.

Watu. Huwezi kuwaondoa wote, na si lazima. Balos bila binadamu hata mmoja haionyeshi ukubwa wake. Ukitaka fremu tupu, weka tripodi, zima kitulizi cha lenzi, hamishia kamera kwenye M, ambapo kila kitu unakipanga mwenyewe, ili mwanga usibadilike, na piga picha 12 hadi 15 kila baada ya sekunde 20. Baadaye ziweke moja juu ya nyingine katika programu ya Photoshop ukachague njia ya mediani. Kilichohama kati ya picha na picha kinapotea chenyewe. Mwenye taulo aliyelala usingizi hatapotea, wala mwavuli. Upepo ukiwa mkali pale njiani usiinue nguzo ya katikati ya tripodi, ning'iniza begi chini yake likiwa linagusa ardhi kidogo, la sivyo litapembea kama kengele. Unapopiga watu waliovaa nguo za kuogelea waache wawe sehemu ya mandhari, na watoto wa watu usiwafanye mada.

Ukishuka chini kanuni zinageuka. Sasa huna urefu, kwa hiyo acha kutafuta feruzi ya mbali. Ingia majini, sehemu kubwa ya wangwa haipiti magoti. Elekeza kamera chini karibu na miguu yako, hatua tatu nne mbele, ambapo unatazama kwa pembe kali na filta inafanya kazi yake. Hapo kuna kitu ambacho pale juu hakionekani: nyavu za mwanga zinazocheza juu ya mchanga, kila wimbi dogo likiwa lenzi inayokusanya jua. Zinakimbia haraka, hivyo 1/500 au zaidi, panda hadi ISO 200 au 400 bila wasiwasi. Subiri matope uliyoyavuruga kwa miguu yatulie. Usibadilishe lenzi ukiwa chini, hata kwa sekunde kumi.

Kama unataka machweo, yafuate kwa nia nyingine kabisa. Septemba jua linazama magharibi hasa, upande wa kushoto wa ile fremu ya juu, si katikati yake. Mwezi wa Juni ndipo linapozama kaskazini zaidi na kuingia ndani ya mandhari. Ondoa polaraiza, haina kazi tena. Piga fremu tatu za mwanga tofauti, moja ya kawaida, moja stopu mbili chini, moja stopu mbili juu. Na usifunge begi jua likishazama: kwetu kiza kinaingia upesi, kule mwanga laini unadumu dakika 25 hivi, na wangwa uliotulia unapokea rangi za anga zote. Kile kile kioo kilichokuharibia picha za mchana sasa kinafanya kazi kwa ajili yako. Ukiwa na filta nyeusi ya stopu 6, 1/60 inakuwa sekunde moja; ya stopu 10 inakuwa sekunde 16, na maji yanakuwa hariri. Tripodi ikiwa kwenye mchanga uliolowa, isukume mpaka igome, kisha subiri dakika moja kabla ya kupiga maana inaendelea kuzama polepole. Chukua tochi ya kichwani, maji ya kunywa lita mbili kwa mtu na viatu vilivyofunika vidole. Njia ya kupanda haina taa wala kivuli, na ile barabara ya kilomita 8 usiku si ya kuikimbilia.

Simu yako isibaki mfukoni. Tumia kamera yake kuu, si ile pana kupita kiasi, ambayo inapinda upeo na inalainisha mawe. Bonyeza kwa muda juu ya mchanga mweupe hadi mwanga ufungwe, halafu uteremshe kidogo kwa kidole. Huna filta ya simu? Ile miwani niliyokuambia uvue, shika kioo chake kimoja kiguse lenzi ya simu na ukizungushe hadi mng'ao upotee. Inafanya kazi kweli, mradi kioo kiwe safi na kifunike lenzi yote. Rangi ya kahawia au ya kijani itakayoongezwa na miwani utaitoa baadaye. Simu ikikaa juani dakika kadhaa inapata joto, inafifisha kioo chake na mwisho inakataa kupiga. Ipeleke kivulini ipoe yenyewe. Usiitie kwenye boksi la barafu, kwa sababu mvuke utaganda ndani ya lenzi na utakaa na ukungu saa nzima.

Chumvi ni adui mbaya kuliko mchanga kwa kuwa haionekani. Upepo wa baharini unaacha utando mwembamba juu ya filta, na picha za mchana zinaanza kuwa na weupe wa maziwa ambao watu wanaulaumu ukungu wa hewa. Kagua filta kila nusu saa kwa kuielekeza kwenye mwanga. Usiisugue ikiwa kavu, kwani punje zitachora kioo: puliza kwanza kwa puto la mpira, lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa maji safi ya kunywa, pangusa bila kukandamiza, kausha kwa upande wa pili. Jioni pitisha kitambaa kilichonyevu juu ya kamera yote na miguu ya tripodi.

Droni? Kama unafikiria kuikodi, Ugiriki inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya: mwenye droni yenye kamera anajisajili, haipandi zaidi ya mita 120, hairuki juu ya mkusanyiko wa watu. Gramvousa na Balos ziko ndani ya hifadhi za Natura 2000, mtandao wa maeneo ya mazingira yanayolindwa ya Umoja wa Ulaya, hivyo kagua kwanza ramani rasmi ya anga kama eneo limeruhusiwa siku hiyo. Septemba pia ndio wakati ambao kozi wa Eleonora, ndege anayezaliana visiwa vya Ugiriki mwishoni mwa kiangazi kisha kusafiri hadi Madagaska, bado ana makinda kwenye majabali. Mimi ningeiacha. Kilima kinakupa urefu unaouhitaji. Mchanga nao usiubebe, hata kiganja cha kumbukumbu.

Nyumbani, kwenye kompyuta, jizuie. Punguza sehemu angavu kwa 30 hadi 50 urudishe sura ya mchanga. Usiguse kitelezi cha kukoleza rangi zote. Nenda kwenye rangi moja moja, chagua ile ya feruzi na ya bluu, upunguze mwangaza wake kwa 10 hadi 15 tu. Rangi itaonekana nzito bila kuwa ya plastiki. Kitelezi cha kuondoa ukungu kisivuke 15, kikivuka Tigani inapata uzi mweupe kuizunguka dhidi ya anga. Kagua anga kwa asilimia 100 ufute madoa ya sensa. Unapohifadhi ya kutuma mtandaoni chagua sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, upande mrefu pikseli 2048, ubora 85 au zaidi. Chini ya hapo bluu laini ya anga inakatika kuwa ngazi-ngazi, na hiyo ni aibu baada ya kupanda kile kilima.